Kuuza nyumba: rangi pekee haitoshi, lakini bila rangi bei hushuka

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la nyumba la Dar es Salaam methali hiyo huwaponza wauzaji wengi. Nyumba imara, yenye msingi mzuri na eneo la kutosha, inaweza kukaa sokoni miezi mingi kwa sababu tu mnunuzi alipofika alikuta geti lenye kutu, chemba inayonuka na sebule iliyojaa magunia. Wakati huo huo jirani mwenye nyumba ya kawaida, aliyoifanyia usafi na kuipaka rangi, anapata mteja mapema.

Kwa mfanyabiashara, suala hili linagusa mfuko moja kwa moja. Watu wengi huuza nyumba kwa kuwa wanahitaji mtaji, wana deni benki, au warithi wanataka kugawana. Kila mwezi unaopita una gharama yake. Chukua mfano wa mtu anayedaiwa shilingi milioni 30 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba yake ni shilingi 450,000 kwa mwezi. Nyumba ikikaa miezi sita bila kuuzwa, shilingi 2,700,000 zimekwenda kwenye riba tu. Kama matengenezo ya shilingi milioni moja na nusu yangeweza kuufupisha muda huo kwa miezi minne, fedha hizo zingekuwa zimejilipa na kubakiza faida.

Mnunuzi huanza nje

Mnunuzi huanza kuipima nyumba akiwa bado barabarani. Anaangalia njia ya gari, ukuta, geti na mahali maji ya mvua yanakopita. Akiingia ndani anafungua bomba, anawasha taa, anatazama dari kama lina madoa ya kuvuja, kisha ananusa. Harufu ya choo au ya ukungu humtia wasiwasi kuliko ukuta usio na rangi, kwa sababu anajua rangi ni kazi ya siku chache lakini mfumo wa maji taka ni kazi ya kuchimba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya bei rahisi: kusafisha. Karo linyonywe, mifereji ya paa izibuliwe, majani yafyekwe uani, vyombo vibovu na mabaki ya matofali yaondolewe. Chumba kinachotumika kama stoo ya duka kirudishwe kuwa chumba. Samani zikipunguzwa, chumba kile kile huonekana kikubwa zaidi. Mapazia mazito yafunguliwe ili mwanga na hewa viingie, jambo ambalo katika joto la Pwani lina uzito wake.

Nini kitengenezwe, nini kiachwe

Baada ya usafi, fedha kidogo zielekezwe kwenye vitu ambavyo mnunuzi atavigusa: vitasa, bawaba, koki zinazovuja, soketi zilizolegea, balbu zilizoungua na nyavu za mbu zilizochanika. Kisha ije rangi, ikiwezekana nyeupe au ya maziwa. Rangi ya zambarau inaweza kuwa inampendeza mwenye nyumba, lakini mnunuzi huanza kuhesabu gharama ya kuifuta.

Kazi kubwa zifikiriwe mara mbili. Jiko jipya la kisasa au vigae vya gharama kubwa si lazima virudishe fedha yote, kwa kuwa kila mtaa una bei ambayo wanunuzi wake hawaivuki kirahisi. Nyumba iliyogharimiwa kupita zote mtaani hupimwa kwa bei ya majirani zake.

Kuficha ufa ni hatari

Nyumba nyingi za Pwani zina tatizo la chumvi. Ukuta unatoa unga mweupe, plasta inachubuka na rangi inabanduka. Chanzo ni unyevu unaopanda kutoka chini ukibeba chumvi, na hali huwa mbaya zaidi pale mchanga uliojengewa ulipokuwa na chumvi tangu mwanzo. Kupaka rangi ya mafuta juu yake ni kununua miezi michache tu, maana unyevu unabaki ndani na rangi itavimba. Fundi mzuri ataikwangua plasta iliyokufa, atatafuta maji yanakotoka, ndipo apige plasta upya.

Kuna sababu ya kisheria pia. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inahesabu kuficha kwa makusudi jambo ambalo muuzaji analijua kuwa ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kubatilishwa na aliyedanganywa. Muuzaji anayeziba ufa wa msingi kwa rangi ili usionekane anajitafutia kesi. Njia salama ni kuueleza ufa huo, kuonyesha makadirio ya fundi, na kuukata kwenye bei.

Hati nazo ni sehemu ya maonyesho

Maandishi ya "Nyumba hii haiuzwi" kwenye kuta za miji yetu yanatosha kueleza hofu iliyoko sokoni. Mnunuzi anaogopa kuuziwa na asiye mwenye mali, kuuziwa nyumba yenye kesi, au kuuziwa jengo lililo ndani ya hifadhi ya barabara. Wakati wa upanuzi wa Barabara ya Morogoro mwaka 2017, nyumba nyingi kuanzia Kimara kuelekea Kibaha zilibomolewa, na tangu hapo alama ya X ukutani haichukuliwi kwa mzaha.

Ndiyo maana faili safi huuza kama rangi safi. Ndani yake ziwemo hati ya kumiliki ardhi au leseni ya makazi, ramani ya kiwanja, stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, na matokeo ya upekuzi kutoka kwa Msajili wa Hati. Kama nyumba ni ya ndoa, ridhaa ya mwenzi ipatikane mapema, kwani Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake. Kama ni ya urithi, msimamizi wa mirathi awe amekwisha kuteuliwa na mahakama. Biashara nyingi huvunjika hatua hii, wakati mnunuzi alikwisha kuipenda nyumba.

Stakabadhi hupunguza kodi

Mkazi wa Tanzania anayeuza jengo hutozwa asilimia 10 ya faida aliyoipata. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inatoa nafuu kwa makazi binafsi ambayo mtu ameyamiliki na kuishi humo miaka mitatu au zaidi, alimradi faida haizidi shilingi milioni 15.

Tuseme mtu alinunua nyumba kwa milioni 50, akaongeza vyumba na uzio kwa milioni 20, kisha akauza kwa milioni 90. Akiwa na stakabadhi za ujenzi huo, faida yake ni milioni 20 na kodi ni milioni 2. Akiwa na nyaraka za ununuzi peke yake, faida inahesabiwa milioni 40 na kodi inapanda kuwa milioni 4. Karatasi za duka la vifaa vya ujenzi zimemwokolea milioni mbili.

Nyumba yenye wapangaji

Mwekezaji mdogo anayetafuta nyumba ya kupangisha haangalii mapazia. Anataka hesabu. Nyumba ya vyumba sita vinavyolipa shilingi 60,000 kila kimoja huingiza 4,320,000 kwa mwaka. Ikiuzwa kwa milioni 54, mapato hayo ni asilimia 8 ya bei kabla ya matengenezo na miezi ya vyumba kukaa vitupu. Mnunuzi atalinganisha kiwango hicho na hati fungani za serikali. Muuzaji wa nyumba ya namna hii aandae mikataba ya wapangaji, rekodi za malipo na mgawanyo wa umeme wa LUKU, tena awaarifu wapangaji kabla wageni hawajaanza kuingia vyumbani mwao.

Majira nayo yapangwe. Masika huanza Machi hadi Mei, na ndipo paa na mifereji husema ukweli. Anayekusudia kuuza Juni ana nafasi ya kuona kila panapovuja, kupatengeneza, kuacha kuta zikauke, kisha kupaka rangi na kumwita dalali.