Fahamu: Mumiani ni nini, na maiti iliyokaushwa ilipitaje Ufipa?

Mumiani, neno ambalo midomoni mwa watu wetu limegeuka hofu ya wanyonya damu, lina nasaba moja na jina ambalo ulimwengu umeipa maiti ya Misri ya kale iliyokaushwa isioze.

Desturi ya Misri

Kwa muda wa siku 70 hivi makuhani walitoa ini, mapafu na matumbo, wakaufunika mwili kwa magadi, kisha wakauzungushia kitani. Moyo waliuacha mahali pake, kwa kuwa waliitakidi ya kwamba utapimwa mizani huko akhera.

Msafara wa 1873

Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alipofariki kijijini kwa chifu Chitambo, katika Zambia ya leo, watumishi wake Susi, Chuma na wenzao, pasina kuhani wala hekalu, waliuzika moyo wake chini ya mti (kinyume kabisa cha Wamisri), wakautia mwili chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa nguo, ganda la mti na turubai, wakauchukua kwa njia ya Ufipa, nchi ya juu inayolitazama bonde la Rukwa, hata Tabora, na Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

Mwili ulipofikishwa London, Livingstone alitambuliwa kwa mfupa wa mkono uliovunjwa zamani na simba, akazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.