Kiungulia cha mara kwa mara chahitaji daktari

WATU wengi wanapohisi moto kifuani baada ya kula hukimbilia vidonge vya kutafuna vinavyouzwa dukani. Hupata nafuu, lakini kesho yake kiungulia hurejea.

Hali hii hutokea msuli ulio kati ya umio na tumbo unapolegea, asidi ikapanda na kuunguza umio. Tumbo lina utando wa kulikinga dhidi ya asidi hiyo. Umio hauna kinga kama hiyo.

Vidonge vya kutafuna hupunguza makali ya asidi kwa muda mfupi tu. Kiungulia kinapozuka mara mbili au zaidi kwa wiki, yafaa kumwona daktari. Huenda akapendekeza omeprazoli, dawa inayopunguza utengenezaji wa asidi yenyewe. Aghalabu hutumiwa kwa wiki 4 hadi 8, na humezwa takriban nusu saa kabla ya chakula. Anayeimeza akiwa ameshiba hapati manufaa kamili.

Nyumbani, mgonjwa anashauriwa kula chajio angalau saa 3 kabla ya kulala, kuinua kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kupunguza uzani uliozidi na kuacha sigara.

Kumeza kwa shida, kutapika damu, choo cheusi kama lami au kukonda bila sababu ni dalili zisizofaa kupuuzwa. Nayo maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au tayani, yakiandamana na jasho, huenda yakawa ya moyo. Mwenye dalili hizo akimbizwe hospitalini mara moja.