Theluji nyingi, mto kujaa: ilikuwa vipi kule Grand Forks?

Mtu wa Kalehe anajua mto unaweza kuua kwa saa chache tu, sawa vile ilikuwa mwezi wa 5, 2023. Mvua inanyesha milimani, maji yanashuka mbio. Kwenye inchi za baridi kali kuna mafuriko ya namna ingine: maji yanaanguka mwezi wa 11, yanafurika mwezi wa 4.

Juu ya nini? Theluji haitiririki, inalala pale ilipoangukia, sawa maji ya akiba. Kwa kawaida sentimeta 10 za theluji mbichi zinatoa kama sentimeta 1 ya maji.

Muji wa Grand Forks, jimbo la North Dakota, Marekani, ulipata zaidi ya mita 2 za theluji kati ya 1996 na 1997, pamoja na dhoruba nane. Lakini theluji nyingi peke yake haitoshi. Ikiyeyuka polepole, udongo unakunywa. Mwaka ule udongo ulikuwa umeshiba mvua kabla ya baridi, kisha ukaganda, ukawa mgumu sawa sima. Halafu mto wenyewe, Red River, unatiririka kuelekea kaskazini, Kanada. Kusini theluji inayeyuka kwanza, maji yanaenda kukuta barafu bado imefunga njia. Na bonde lile ni tambarare kabisa, chini ya ziwa la zamani lililokauka: maji hayana pa kukimbilia, yanatandaa.

Wataalamu walitangaza mto utafika futi 49, karibu mita 15. Wakaaji wakajaza mifuko ya mchanga, wakapandisha kingo kupita hapo kidogo. Mto ukafika futi 54. Kingo zikashindwa, watu karibu wote wa muji, wapata 50.000, wakahama. Katikati ya muji majengo 11 yakaungua huku wazima-moto wamesimama ndani ya maji.

Wengi walikasirika, na walikuwa na haki: hesabu ile moja waliisikia sawa ahadi. Baadaye idara ya hali ya hewa ikaanza kutangaza uwezekano: nafasi ngapi kwa 100 mto upite kiasi hiki ao kile. Hata familia za Wakongomani wanaoishi leo Fargo, juu kidogo ya mto uleule, tangazo la namna hiyo ndilo wanasikia kila mwezi wa 3, wakati theluji ingali imelala mbele ya mlango.