Mbunge na amana ya kura

Muuza mchele wa Kariakoo anajua vyema kwamba mteja akitilia shaka kipimo, dawa yake si kumfukuza, bali ni kupima tena mbele ya macho yake. Je, kura nayo haistahili uadilifu huo?

Ndugu msomaji, yafaa tujiulize: mbunge tuliyemchagua ana nafasi gani matokeo ya urais yanapobishaniwa? Nchini Marekani, Bunge lenyewe hukutana tarehe 6 Januari kuhesabu na kuthibitisha kura za wajumbe wa majimbo. Ndiyo sababu wenye kupinga matokeo walilivamia jengo la Bunge siku hiyo, mwaka 2021.

Kwetu mbunge hakupewa kazi hiyo. Mwenye kutangaza ni Tume ya Uchaguzi. Tena, Ibara ya 41(7) ya Katiba ya mwaka 1977 ikaweka kwamba mgombea urais akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Ajabu ni kuwa matokeo ya ubunge hupingwa Mahakama Kuu. Kibaba kinapimwa tena, pishi haiguswi.

Tarehe 15 Julai 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, katika shauri la wakili Jebra Kambole, iliamua kuwa ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika, ikaiamuru Tanzania kuchukua hatua za kikatiba na kisheria kurekebisha kasoro hiyo.

Hapo ndipo zamu ya mbunge inapofika. Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge wote ili Katiba ibadilishwe. Hathibitishi matokeo, lakini ufunguo wa mlango uliofungwa uko mkononi mwake.

Majirani zetu wa Kenya walijifunza kwa machungu. Baada ya uchaguzi wa 2007, upinzani ulikataa kwenda mahakamani kwa kukosa imani nayo, na watu zaidi ya 1,000 wakauawa. Katiba yao ya 2010 ikaipa Mahakama ya Juu shauri la urais, nayo tarehe 1 Septemba 2017 ikabatilisha uchaguzi wa 8 Agosti.

Sisi tulifika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 mlango ukiwa bado umefungwa. Damu ilimwagika, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Hatusemi kwamba mahakama pekee ingezuia msiba ule. Tunasema kwamba mwenye manung'uniko akinyimwa mlango wa haki, hubaki na barabara.

Katika Suratun Nisaa, aya ya 58, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe, na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu. Kura ni amana. Basi mbunge ajapo mtaani kuomba ridhaa, baba, mama na vijana wamuulize kwa adabu: ufunguo ule umeutumiaje?

Mwenyezi Mungu atujaalie viongozi waadilifu, na aidumishe amani yetu juu ya msingi wa haki. Amin.