Maswali Kwanza, Mashine Baadaye

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mtu mzima aliyepatikana na hatia ya kubaka. Hesabu yake ni nyepesi: aliyefungwa mwaka ule, hata asipopunguziwa siku moja, atakuwa huru ifikapo mwaka 2028. Atarudi kwao, na kwao kwaweza kuwa kijiji kama Moa, ambako nyumba zinatazamana na watoto hucheza ufukoni mchana kutwa. Ni nani atakayemwangalia?

Majirani zetu wa Vanga, ng'ambo ya mpaka, wanayo sheria ya mwaka 2006. Kifungu chake cha 39 kinaipa mahakama ya Kenya uwezo wa kuamuru mkosaji wa hatari awekwe chini ya uangalizi akiachiwa kabla ya kumaliza kifungo. Uingereza wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya mwaka 2007 iliruhusu wakosaji wa aina hii, wakiwa nje kwa masharti, wapimwe kwa mashine ya kupima uongo, na tangu mwaka 2014 utaratibu huo umeenea England na Wales. Wapo watu wanaosema nasi tuilete. Kwa maoni yetu, kabla ya kuuliza bei ya mashine, tuulize maswali yake yataandikwaje.

Mashine yenyewe haipimi uongo. Tangu John Larson, polisi wa Berkeley huko Marekani, alipoiunda mwaka 1921, kazi yake ni kuandika pumzi, msukumo wa damu na, baadaye, jasho la vidole. Wazee wa pwani hawatashangaa. Katika kiapo cha mkate mtuhumiwa alipewa mkate uliosomewa. Mwenye hatia hakuweza kuumeza, kwa kuwa hofu hukausha mate. Lakini hofu humkausha mate hata asiye na hatia.

Kwa sababu hiyo wataalamu walitafuta namna za kuuliza. Ya kwanza ni kuchanganya swali jepesi, "Je, leo ni Jumatatu?", na swali lenyewe la kosa. Hiyo haifai, maana nani asiyeshtuka akiulizwa kama amemnajisi mtoto? Ya pili, aliyoieleza John Reid mwaka 1947, huweka kando ya swali la kosa swali jingine la kulinganisha, kama vile, "Je, umewahi kumdanganya mtu aliyekuamini?" Hudhaniwa kwamba asiye na hatia atatikiswa zaidi na hili, na mwenye hatia na lile. Ya tatu ni ya David Lykken, ya mwaka 1959: mtuhumiwa husomewa mambo ambayo mtendaji peke yake ayajua, na mwili wake hutazamwa unaposhtuka. Polisi wa Japani huipenda, nasi twaiona ndiyo yenye msingi imara. Bahati mbaya, kwa uangalizi haina kazi, kwani hapana tukio lililokwisha kujulikana. Tunataka kujua kama lipo.

Basi inabaki ya pili, pamoja na udhaifu wake. Mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilionya kwamba kipimo hiki hukosea zaidi kinapotumiwa kuchunguza kwa jumla kuliko kinapohusu tukio moja. Kwa hiyo swali na liwe la tendo, si la mawazo. Liwe na tarehe ya kuanzia. Na liwe moja moja.

Na liandikwe kwa Kiswahili cha watu wa hapa. "Je, umekutana na mtoto?" Kila mtu wa Moa hukutana na watoto njiani, lakini neno hilo hilo laficha tendo zito. "Umemchezea?" Mjomba mwema aweza kutetemeka, na mwovu akajibu kwa utulivu kwamba alimrushia mpira. Karani wa mjini anayetafsiri karatasi ya kigeni hawezi kuyaona hayo. Ofisa ustawi wa jamii aliyekaa pwani atayaona.

Waingereza wana kinga moja tunayoitaka sisi pia: maneno yaliyosemwa katika kipimo na alama za mashine hazitumiwi mahakamani kumshtaki mtu huyo. Mstari uliopanda kwenye karatasi uwe sababu ya kuongeza macho, usiwe hukumu.

Kuna jambo jingine, ndugu viongozi. Kati ya Moa na Pemba ni bahari tu, lakini Bara na Zanzibar kila upande una sheria yake ya jinai, na magereza ya huku huko ni Vyuo vya Mafunzo. Mtu aliyewekewa masharti huku akipanda mashua alfajiri, jioni yu miongoni mwa watoto wasiomjua, na barua ya uangalizi ingali mezani Tanga. Tungependa kujua ni ofisi gani itakayoivusha barua hiyo, na kwa siku ngapi.