KUKARABATI BANGALO LA ZAMANI BILA KUPOTEZA SURA YAKE

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika makala haya nitaeleza jinsi nyumba ya zamani inavyoweza kuzibwa nyufa zake na bado ikabaki ile ile.

Neno bangalo lilitoka Bara Hindi, na maana yake ni nyumba ya mtindo wa Bengali. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Baada ya hapo mabangalo yalijengwa mjini na katika mashamba ya walowezi: nyumba zisizo na ghorofa, zenye kuta za mawe, paa la mabati, baraza mbele na dohani ya kutolea moshi. Kila sehemu ilikuwa na kazi yake. Baraza huzuia jua na mvua visipige ukuta. Dari ya juu huacha hewa ya joto ipande. Dohani nayo ni kwa sababu ya baridi ya usiku, kwani mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Basi mwenye kung'oa baraza ili apate chumba kimoja zaidi asishangae ukuta wake ukianza kulowa!

Mjomba wangu ni seremala, nami humsaidia wakati wa likizo. Amenifunza kwamba ukarabati huanzia juu. Adui wa kwanza wa nyumba ni maji. Ukipaka rangi ukutani ilhali paa linavuja, umetupa pesa. Kwa hivyo kagua mabati, misumari na mifereji kwanza, kisha uteremke.

Pili ni kuta. Kuta nyingi za kale zilijengwa kwa chokaa. Chokaa ni laini, nayo huruhusu unyevu kutoka. Saruji ni ngumu na huufungia ndani. Ukiziba ukuta wa chokaa kwa saruji, unyevu hutafuta njia kupitia kwenye jiwe lenyewe, na jiwe huanza kumomonyoka. Afadhali kutumia chokaa kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu. Wala huu si ujuzi wa kigeni. Mafundi wa Lamu wamejenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa kwa karne nyingi, na mji wao mkongwe uliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2001.

Tatu ni mbao. Dirisha likioza chini, watu hulitoa lote na kuweka la chuma. Si lazima. Fundi hodari hukata ile sehemu iliyooza tu na kuunga mbao nyingine. Mtarakwa wafaa sana, maana mchwa hawaupendi. Lakini tahadhari: rangi za kale huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usizipige msasa zikiwa kavu, na watoto wakae mbali.

Katika mjadala wa chama chetu, mwenzangu mmoja aliuliza: "Nyumba ya mkoloni ya nini? Si ibomolewe tu!" Swali hilo ni zito. Jibu langu ni kwamba mlowezi alilala ndani, lakini mawe yalichongwa na mikono ya mafundi Waafrika na Wahindi. Tena nyuma ya bangalo kuna vile vyumba vidogo vya watumishi, mahali walipoishi wapishi na yaya. Wengi wanaokarabati hung'arisha nyumba kubwa na kuvibomoa vyumba hivyo. Hapo ndipo sura ya kweli hupotea, kwani shahidi ameachwa aseme nusu tu ya habari. Tukihifadhi, tuhifadhi yote.

Mfano mzuri tunao karibu. Jumba la makumbusho la Hyrax Hill, hapa Nakuru, lilikuwa nyumba ya shamba. Mwaka 1965 likawa makumbusho, na leo wanafunzi huingia humo kujifunza habari za watu walioishi hapa kabla hata ya walowezi kufika. Kule Nairobi, nyumba ya Karen Blixen, iliyojengwa mwaka 1912, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Fauka ya hayo, sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 imeruhusu majengo yenye historia kutangazwa kuwa ya kuhifadhiwa.

Hata hivyo sheria haiwezi kulinda kila nyumba. Kinachobaki ni mwenye nyumba na fundi wake. Kabla ya kunyanyua nyundo, jamani, waulize: kitu hiki kimeharibika, au ni cha zamani tu? Kilichoharibika kitengenezwe. Kilicho cha zamani na kizima kiachwe. Kwa hayo machache natia nanga.