Zulia, mkeka na rangi za mimea: maneno ya mpakani

Katika zoezi la tafsiri la muhula uliopita, mwanafunzi wetu mmoja aliandika kwamba bibi wa Busia "anafuma zulia la mafunjo". Nilimkata alama mbili, naye akaja ofisini kulalamika. Kwa kuwa wenzake wengi wana tatizo hilohilo, ninaeleza hapa.

Zulia linalozungumziwa ni la sufu. Busia na Tororo ziko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, kuna joto, na kondoo wa huko wana nywele fupi zisizosokoteka. Kondoo wa sufu wako nyanda za juu za Kenya: Molo, Njoro, na Nanyuki, ambako kikundi cha wanawake cha Nanyuki Spinners and Weavers kilianza kusokota na kufuma mwaka 1977. Huko ndiko kwenye mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na zile zinazopitishwa kati yake. Hapo kufuma ndicho kitenzi chake.

Mpakani, watu hukalia mkeka. Wa ukindu husukwa: kwanza ukili mrefu, kisha kili hushonwa pamoja. Wa mafunjo hausukwi wala haufumwi. Mabua hupangwa sambamba yakashonwa kwa uzi. Kwa hiyo mwanafunzi alikosea kitenzi na nomino pia. (Alama moja nilimrudishia kwa kulijua neno "mafunjo".)

Sasa rangi. Sufu ni nywele za mnyama, nayo hunywa rangi ya mimea kwa urahisi. Huoshwa kuondoa mafuta, huchemshwa polepole na shabu ili rangi ishike, halafu huingizwa katika chungu cha majani, mizizi au maganda. Maganda ya vitunguu hutoa njano iliyokolea, gome la muwati hudhurungi. Ukindu ni mkaidi. Bizari huupendeza, lakini jua huila rangi hiyo upesi. Nyeusi ndiyo hudumu: ukindu huchemshwa na gome lenye tanini, kisha huzikwa katika tope jeusi la kinamasi. Chuma kilichomo topeni hukutana na tanini, na weusi huo hautoki kwa kufua.

Siku hizi wengi hununua rangi ya unga sokoni, nami siwalaumu. Kuni ni ghali na unga ni kazi ya saa moja. Lakini mti usiochumwa tena husahauliwa jina. Na vinamasi vingi vya mashariki mwa Uganda vimegeuzwa mashamba ya mpunga, kwa hiyo mafunjo yenyewe yanapungua.

Wanaokwenda Busia na Tororo likizo ijayo wachukue daftari. Wamwamkie mama msukaji kwanza, wakae, kisha wamwulize mti huu unaitwaje kwa Kisamia, Kiteso au Dhopadhola, na waliandike jina hilo kabla ya kukimbilia kamusi. Wasimwulize bei ya zulia.